Muulize Mwalimu: Kabla ya fainali, tucheze na nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimebisha mlango mmoja: mechi za kujipima. Sishangai. Mashindano makubwa yakikaribia, kila shabiki anakuwa mpanga ratiba. Kwa wasomaji wapya, nilikaa miaka 11 kwenye benchi nikiwa kocha msaidizi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kutafuta wapinzani. Ni kazi isiyo na shukrani. Mkishinda, mlicheza na kibonde. Mkifungwa, nani kawaleta hawa? Daftari langu la mechi hizo ninalo bado, jalada limeshang'oka, na baadhi ya majibu ya leo yametoka humo.

Mwalimu, shikamoo. Kila tukikaribia mashindano makubwa timu yetu inaletewa vibonde. Tunapiga nne, tano, tunaimba, halafu mechi ya kwanza tu ya kundi tunalia. Kwa nini wakubwa wanatufanyia hivi? — Shabiki Aliyechoka Kuimba

Marahaba, na pole na koo.

Wanawaletea vibonde kwa sababu ushindi unajaza uwanja, unatuliza magazeti na unampa kocha usingizi. Hizo ni sababu za ofisini, za uwanjani hazimo. Itazame Qatar, wenyeji wa fainali za Kombe la Dunia mwaka 2022. Wachezaji waliwekwa kambini miezi kadhaa, mbali na ligi yao. Kuelekea fainali wakaifunga Guatemala, wakaifunga Honduras, wakaifunga Panama, wakaifunga Albania. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa amefuzu fainali hizo. Kipyenga kilipolia: Ecuador 2-0, Senegal 3-1, Uholanzi 2-0, zote wamefungwa wao, na wenyeji wakawa timu ya kwanza kutolewa.

Lakini usiwahi kunipigia makofi. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo Argentina iliifunga Falme za Kiarabu 5-0. Siku sita baadaye Saudi Arabia ikaifunga Argentina 2-1. Ungefunga daftari siku ile ungesema umepata ushahidi wako wote. Tatizo ni kwamba Argentina hao ndio waliorudi nyumbani na kombe. Kibonde hakuwaharibu. Ila hakuwaonya pia: siku ile Wasaudia waliwapandisha mabeki wao juu kabisa, na kipindi cha kwanza peke yake Argentina ikakataliwa mabao matatu kwa kuotea.

Kibonde ana kazi yake. Anayejaza watu tisa mbele ya lango lake anakufundisha subira, na hiyo ni shida utakayokutana nayo kweli ikiwa wewe ni kigogo wa kundi. Kama wewe ndiye mdogo wa kundi, hutamiliki mpira kwenye fainali, kwa hiyo kumfunga mtu tano huku mpira unao wewe dakika zote hakukuandai kwa lolote.

Mwalimu, nasomea ukocha. Tumepewa zoezi darasani: una wiki tatu na nafasi ya mechi tatu, kundi lako lina timu ya Ulaya yenye warefu, timu ya Asia inayokimbia bila kuchoka, na timu moja ya Amerika Kusini. Nimechagua Brazil, Ufaransa na Hispania. Mkufunzi amenipa sifuri. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa Leseni C

Sifuri ni kali. Mimi ningekupa mbili, za ujasiri.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Hao watatu utawapataje? Tangu Ligi ya Mataifa ya Ulaya ianze mwaka 2018, tarehe nyingi za timu za Ulaya zimeshajaa. Brazil yenyewe, baada ya kucheza na Jamhuri ya Czech Machi 2019, haikukutana tena na timu ya Ulaya hadi ilipofika kwenye fainali za Qatar mwaka 2022. Ikaifunga Serbia, ikaifunga Uswisi, kisha ikatolewa kwa penalti na Croatia. Ikiwa Brazil wanakosa mtu wa Ulaya wa kucheza naye, wewe nani atakupokelea simu?

Kosa la pili ndilo kubwa: umeanza na majina. Chukua karatasi, na kabla hujaandika jina la nchi yoyote andika yale usiyoyajua kuhusu timu yako. Kipa wako anatoka vipi kwenye krosi akisukumwa? Beki wa kushoto wa pili anaweza kumaliza dakika 90 na winga mwenye mbio? Mkitangulia kufungwa, nani anapaza sauti? Ukipata maswali matatu ya namna hiyo, wapinzani wanajichagua. Ukianza na majina, utapata mechi tatu nzuri za televisheni.

Sasa, watu wengi hutafuta anayefanana na yule watakayekutana naye. Ufaransa ya 2006 ilikuwa na Korea Kusini kwenye kundi, ikajipima na China. Ujerumani ya 2014 ilikuwa na Ghana, ikajipima na Kameruni, sare ya 2-2. Ilipokutana na Ghana yenyewe ikatoka 2-2 pia. Iceland ya 2018 ilikuwa na Nigeria, ikaialika Ghana, 2-2. Nigeria ikaja kuifunga Iceland 2-0. Unaona mchezo wanaoucheza hapa: Mwafrika kwa Mwafrika, Mwasia kwa Mwasia. Mimi huu nauita uvivu. Bara halina mtindo. Ghana na Nigeria wanakaribiana kwenye ramani tu. Siku ya mechi mmoja anaweza kukaba kuanzia kwa kipa wako na mwingine akakusubiri katikati. Tafuta tabia: wanakaba wapi, mpira ukiwatoka wanafanya nini sekunde tano za kwanza, kona zao zinadondoka wapi. Timu ya Skandinavia inaweza kukufundisha zaidi kuhusu mpinzani wako wa Asia kuliko jirani wa huyo mpinzani.

Humo humo kwenye daftari nina mstari niliouandika kwa wino mwekundu: *warefu hatukuwagusa*. Kundi letu lilikuwa na timu moja ya majitu, ya mwisho kukutana nayo, na mimi nikasema tutafika huko kwanza. Nikaleta wapinzani watatu wenye kasi, kwa sababu mechi mbili za mwanzo zilikuwa za kasi. Majitu wakatufunga mawili, yote kwa kona. Wala si kona za ajabu.

Kuhusu mpangilio, ninaye mwalimu mmoja tu, Guus Hiddink, aliyekuwa kocha wa Korea Kusini. Mwaka 2001 alifungwa 5-0 na Ufaransa, na miezi michache baadaye 5-0 na Jamhuri ya Czech. Watu wakampachika jina la "tano bila". Lakini alikuwa akiuliza mapema, wakati bado ana miezi ya kurekebisha, na jibu alilolipata ni kwamba Wakorea walikuwa na ufundi wa kutosha, kilichopungua kilikuwa pumzi. Akawakimbiza. Mei 2002, ndani ya siku kumi na moja, akaifunga Uskoti 4-1, akatoka 1-1 na Uingereza, kisha Ufaransa ikamfunga 3-2. Ukiangalia matokeo matupu utaona ushindi mmoja, sare moja na kipigo kimoja. Ukiangalia mechi zenyewe unaona timu inayoweza kukimbia na mabingwa wa dunia hadi dakika ya mwisho. Kwenye fainali wakawatoa Ureno, Italia na Hispania, wakamaliza wa nne.

Kwa zoezi lako basi. Mechi ya kwanza: mpinzani wa kawaida, ikiwezekana milango imefungwa, kikosi kimoja kipindi cha kwanza na kingine cha pili, lengo ni miguu tu. Nimewahi kupata beki wa akiba aliyeokoa mashindano yetu kwenye mechi ya namna hiyo, 0-0, mashahidi wakiwa sisi na watunza uwanja. Mechi ya pili: anayeweza kukuumiza kimchezo, siku kumi hadi kumi na mbili kabla ya fainali, wakati kidonda bado kina muda wa kupona. Hapa ndipo unapomtaka yule mrefu wa Ulaya. Mechi ya tatu: anayecheza kama mpinzani wako wa kwanza, siku tano hadi saba kabla, kikosi chako cha kwanza kwa dakika 60 au 70 kisha uwatoe. Hii ya mwisho usiitumie kujaribu mfumo mpya. Nimeona makocha wakubwa wakifanya hivyo, na siku ya mechi wachezaji wanatazamana kama abiria waliopanda basi lisilo lao.

Andika upya, nitumie, nami nitamwandikia mkufunzi wako.

Mwalimu, mimi ni mama wa mchezaji. Timu ya taifa hajafika, ila roho ya mama inatangulia. Kila nikisoma kwamba nyota fulani kaumia kwenye mechi ya kirafiki wiki moja kabla ya fainali, nauliza: kwa nini wacheze kabisa? — Mama wa Winga

Mama, swali lako limewakosesha usingizi watu wanaolipwa mishahara mikubwa.

Ile mechi ya Korea na Ufaransa niliyoisifu hapo juu ina upande wa pili. Ilichezwa Suwon tarehe 26 Mei 2002, na ndimo Zinedine Zidane wa Ufaransa alimoumia paja. Akakosa mechi mbili za kwanza za fainali, ya tatu akacheza na paja limefungwa bandeji. Mabingwa watetezi wakatoka bila kufunga bao hata moja. Jioni moja, uwanja mmoja: mwenyeji kapata majibu yake yote, mgeni kapoteza kila kitu. Djibril Cissé, naye wa Ufaransa, alivunjika mguu dhidi ya China Juni 2006. Didier Drogba wa Ivory Coast alivunjika mkono dhidi ya Japani tarehe 4 Juni 2010. Siku kumi na moja baadaye aliingia kutoka benchi kucheza na Ureno, mkono umefungwa. Siku moja tu baada ya Drogba, Arjen Robben aliumia msuli wa nyuma ya paja dakika za mwisho za mechi ambayo Uholanzi iliifunga Hungary 6-1. Na Marco Reus, Juni 2014, kifundo cha mguu dhidi ya Armenia. Ujerumani ilishinda 6-1 pia, ikaenda Brazil bila yeye na ikabeba kombe, na Mario Götze akasimama kwenye sherehe akiwa ameshika jezi ya Reus.

Inawezekana kutocheza kabisa? Inawezekana. Fainali za 2022 zilichezwa Novemba na Desemba, katikati ya msimu, klabu zikawaachia wachezaji siku chache tu kabla. Ufaransa, Uingereza na Brazil hazikucheza mechi hata moja ya kujipima, na Ufaransa ikafika hadi mechi ya mwisho ya kuwania kombe. Lakini hao walitoka kwenye ligi wiki ileile, miguu ina moto. Fainali za Juni ni habari nyingine. Mmoja kamaliza msimu wiki tano zilizopita, mwingine juzi, mwingine alikuwa benchi tangu Machi. Usipowachezesha, mbio zao za kwanza za kweli zitakuwa kwenye mechi ya kwanza ya kundi, na misuli haina habari kwamba hii ni fainali.

Ninachoweza kukuambia ni namna ya kupunguza hatari, na nilijifunza kwa kosa langu. Nilimletea kocha mkuu wangu timu iliyokuwa imekosa kufuzu kwa tofauti ya bao moja. Nikadhani watakuja wamelegea. Walikuja na meno. Vijana wao walikuwa wanatafuta namba chini ya kocha mpya, watu wao wamejaa uwanjani, na sisi ndio wale tuliokwenda walikotaka kwenda. Dakika ya 71 kiungo wetu alitolewa kwa machela. Kocha mkuu hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku ile nilikuwa nauliza kwanza mpinzani ana sababu gani ya kucheza. Aliyefuzu naye anaogopa kuumia kama wewe, mtalindana bila kuambizana. Na nyota wako, Mama, mkiwa mbele 4-0 atoke. Usimwache hadi dakika za mwisho.

Tukifungwa mechi za kujipima tunashuka viwango vya FIFA. Si bora tuwachague wa kuwafunga? — Mpenda Viwango

Hesabu yake ni ndogo kuliko kelele zake. Kwa utaratibu ulioanza Agosti 2018, mechi ya kirafiki ina uzito wa 10 ndani ya kalenda ya FIFA na 5 nje ya kalenda, wakati mechi ya makundi ya Kombe la Dunia ina 50. Ukimfunga aliye sawa nawe kwenye kirafiki cha uzito wa 10 unapata pointi 5. Ukimfunga kwenye Kombe la Dunia, 25. Kibonde anakupa chini ya hizo 5, maana ulitarajiwa kushinda.

Zamani ujanja wa kuchezea viwango ulilipa kweli. Hesabu ilikuwa ya wastani, na mechi za kirafiki zilikuwa zinaushusha, kwa hiyo Poland wakazikwepa kuelekea droo ya 2018 na wakapangwa chungu cha kwanza pamoja na vigogo. Walipofika Urusi, Senegal ikawafunga 2-1, Colombia 3-0, wakamaliza mkiani mwa kundi.

Kwa nini kocha asibadilishe wote 11 wakati wa mapumziko, kila mtu apate nafasi? — Wa Benchi Daima

Sven-Göran Eriksson alifanya hivyohivyo Februari 2003, Uingereza ikicheza na Australia: kumi na mmoja wakatoka, kumi na mmoja wakaingia. Wakafungwa 3-1. Mwaka uliofuata FIFA ikaweka kikomo cha wachezaji sita wa kuingia. Kwa utaratibu huo timu zilipokubaliana kuzidisha kikomo, mechi haikuhesabiwa kuwa ya kimataifa. Kwa hiyo ukitaka kuwatazama wote, funga milango na usijali rekodi. Najua wewe wa benchi utaipenda hiyo.

Sisi ni timu ndogo. Kigogo akitualika tumpashe misuli kabla ya fainali, twende au tunageuzwa magunia ya mazoezi? — Mdogo Mwenye Heshima Yake

Nendeni, lakini muwe na swali lenu wenyewe mfukoni. Juni 2010 Brazil, wakielekea Afrika Kusini, walicheza na Zimbabwe wakashinda 3-0, kisha na Tanzania wakashinda 5-1. Magunia? Kwa Brazil labda. Lakini bao la Jabir Aziz lilifungwa kwenye lango la Brazil, na beki aliyewakaba Kaká na Robinho kwa dakika 90 hawezi tena kuogopa winga wa mchujo wa kawaida. Faida ya mdogo haiko kwenye ubao wa matokeo.

Cha kuogopa zaidi ni mtu wa kati. Mwaka huohuo wa 2010 kulikuwa na mechi za kujipima za Afrika Kusini ambazo FIFA ilikuja kubaini zilipangwa matokeo, waamuzi wakiwa wameletwa na madalali. Ibrahim Chaibou wa Niger, aliyechezesha ile ambayo Afrika Kusini iliifunga Guatemala 5-0, alifungiwa maisha na FIFA mwaka 2019. Na Septemba 2010 Bahrain waliifunga "Togo" 3-0, halafu ikagundulika kwamba ile Togo haikuwa Togo: shirikisho la Togo halikuwa limetuma timu yoyote. Kocha wa Bahrain alishangaa tu kuona wapinzani wakiishiwa pumzi mapema. Kwa hiyo andikeni barua moja kwa moja kwa shirikisho la wenzenu, si kwa wakala peke yake. Ombeni orodha ya wachezaji kabla, na muulize nani anamteua mwamuzi. Dalali akijibu swali hilo la mwisho kwa haraka mno, kateni simu.

Mwalimu, fainali zikichezwa kwenye miji ya juu, timu ya bondeni itafute mechi za kujipima huko juu? — Mtu wa Pwani

Itafute, tena mapema. Hewa ikiwa nyepesi mapafu yanalalamika, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni mpira wenyewe: unaruka kwa kasi zaidi na haupindi kama ulivyozoea. Uwanja wa Azteca, Mexico City, uko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kipa aliyelelewa bondeni anafika pale mikono ikiwa imechelewa. Mshambuliaji anahitaji siku chache. Kipa mpe zaidi.

Uingereza, mabingwa watetezi, walilifanya hili vizuri kabla ya fainali za Mexico 1970. Mei walipanda kucheza Bogotá, kwenye mita 2,600, wakaifunga Colombia 4-0, kisha Quito, juu zaidi, wakaifunga Ecuador 2-0. Halafu wakashuka kwenda Guadalajara, ambako makundi yao yalikuwa mita elfu moja na ushee chini ya Bogotá. Kwa mwalimu wa viungo huo ni mpango wa kuwekewa fremu ukutani. Tatizo lilitokea hotelini Bogotá: nahodha Bobby Moore alituhumiwa kuiba bangili kwenye duka la vito, na timu ilipopita tena hapo ikitoka Quito akazuiliwa siku kadhaa huku wenzake wakiendelea na safari. Alijiunga nao Mexico na kucheza mechi zote nne. Ndiyo maana kwenye daftari langu, chini ya hali ya uwanja na jina la mwamuzi, kuna swali jingine nililokuwa nikiwauliza wenyeji wote: hoteli yenu ina duka la vito?